Kuweka RIP kwenye Ruta za Mtwara, Masasi na Newala

RIP (Routing Information Protocol) ni itifaki, yaani kanuni ambazo ruta, vifaa vinavyounganisha mitandao, hutumia kuambizana njia; hupima umbali kwa kuhesabu ruta ambazo pakiti (kipande cha data) itapitia, na kikomo chake ni 15. Mtandao uliofikia 16 huchukuliwa kuwa haufikiki. Kwa ofisi yenye makao yake Mtwara Mjini na matawi Masasi na Newala, kikomo hicho hakisumbui kabisa, nami naona ni heri fundi aielewe barabara itifaki nyepesi kuliko kuachiwa nzito asiyoimudu.

Tuchukulie kwamba kompyuta za Mtwara zinatumia 10.10.1.0/24, za Masasi 10.10.2.0/24 na za Newala 10.10.3.0/24, na kwamba Mtwara inaunganishwa na Masasi kwa 172.16.1.0/30 na Newala kwa 172.16.2.0/30. Hakikisha kwanza kila mlango (interface) wa ruta una anwani yake na umewashwa. Kisha, kwenye ruta ya Cisco, andika `configure terminal` na kufuatiwa na amri hizi, uzirudie katika ruta zote tatu:

```
router rip
version 2
no auto-summary
network 10.0.0.0
network 172.16.0.0
passive-interface GigabitEthernet0/0
```

Mstari wa tatu, unaoizuia ruta isijumlishe mitandao midogo kuwa mmoja mpana inapoitangaza, ndio unaostahili uangalifu mkubwa kuliko yote. Ukiuacha, Masasi na Newala zote mbili zitaitangazia Mtwara mtandao mmoja mpana wa 10.0.0.0/8, na Mtwara, ikiona njia mbili zenye umbali sawa, itagawa pakiti huku na huku, hivyo nyaraka ya Masasi inaweza kupelekwa Newala na kupotelea huko. Mstari wa mwisho huzuia matangazo yasimwagwe kwenye mlango wa kompyuta za ofisini, ambazo hazina haja nayo. Hapa nimechukulia kuwa mlango huo ni GigabitEthernet0/0.

Ruta hutangaziana kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo subiri kidogo, kisha andika `show ip route` ukiwa Mtwara. Unatakiwa kuona mstari unaoanza na herufi R, wenye 10.10.2.0/24 na alama [120/1]: herufi R ni ya RIP, 120 ni kiwango cha kuaminika ambacho Cisco huipa RIP, na 1 ni umbali. Ukiwa Masasi, mtandao wa Newala utaonyesha [120/2]. Usipouona, tazama `show ip protocols` ujue kama ruta zote zinatumia toleo la 2, na kama kuna kizuizi cha usalama (firewall), kiruhusu UDP 520, ambayo ndiyo bandari ya matangazo ya RIP.

Kama matawi yameunganishwa kwa viungo vya redio, kuna jambo la ziada: redio ya upande wa pili ikizimika, waya unaotoka kwenye ruta yako kwenda redio yako hubaki hai, kwa hiyo ruta haitajua mara moja kwamba njia imekatika. Itangoja sekunde 180 bila tangazo ndipo iitie alama ya kutofikika, na katika sekunde ya 240 iifute.

Mwisho, andika `copy running-config startup-config`, kwa kuwa umeme ukikatika kabla ya hapo kazi yote hupotea.