Namna ya kupima kinga dhidi ya makombora katika manowari ya kubeba ndege

Katika manowari za kubeba ndege za Marekani, mfumo wa kujikinga uitwao SSDS huunganisha rada, vifaa vya kunasa mawimbi ya adui na silaha: kombora la ESSM, kombora la RAM la masafa mafupi zaidi, na mzinga wa Phalanx wa milimita 20 unaoweza kufyatua risasi 4,500 kwa dakika. Kwa hiyo kinachopimwa ni mfumo mzima, wala si kombora peke yake. Meli ikiwa bado bandarini, ingiza shabaha bandia za kompyuta kwenye skrini za chumba cha mapigano, na usiruhusu ing'oe nanga mpaka taarifa ya rada ifike kwenye vifyatulio bila kuchelewa.

Ikifika baharini, eneo lifungwe kwa ndege na vyombo vya kiraia, kisha shabaha zichanganywe. Mwezi Aprili 2021, manowari Gerald R. Ford ilikabili droni zinazosukumwa kwa roketi, shabaha zinazokokotwa na ndege, na boti za kasi zinazoongozwa kwa mbali.

Shabaha kamwe isielekezwe moja kwa moja kwenye meli yenye watu. Mwaka 1983 Phalanx ya manowari Antrim iliipiga droni barabara, lakini mabaki yake yalidunda juu ya maji yakaigonga meli, na raia mmoja aliyekuwemo akafariki. Hata hivyo, kombora linalopita ubavuni halileti hatari ile ile ya kombora linalokuja usoni, na kinga ya hatua ya mwisho ni lazima ipimwe kwa shambulio la namna hiyo. Ndiyo maana jaribio hilo hupelekwa kwenye Paul F. Foster, manowari iliyostaafishwa mwaka 2003, ambayo huendeshwa kwa mbali huko California bila mtu ndani wakati wa kufyatua.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kauli. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1992, katika Bahari ya Aegean, wahudumu wa makombora wa Saratoga, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, waliamshwa ghafla, na baadhi yao hawakujua kuwa lile lilikuwa zoezi. Makombora mawili yalifyatuliwa kuelekea manowari Muavenet ya Uturuki, na mabaharia watano wakapoteza maisha, nahodha wao akiwemo. Basi kila mhudumu aambiwe mapema, arudie kwa sauti amri aliyopewa, na maneno ya zoezi yasifanane hata kidogo na maneno ya kufyatua kweli.

Baada ya milio, usitosheke na shabaha iliyoanguka. Linganisha saa katika kumbukumbu zote: rada ilipoiona, mfumo ulipoamua, silaha ilipotoka, kisha pima mabaki yaliangukia umbali gani kutoka melini, na kama yalikuwa karibu mno, andika kwamba kinga imeshindwa.