Kufuga finchi nje kwenye nchi ya baridi: banda, mwanga na namna ya kuwavusha winta

Watu wengi wa kwetu walioko Uingereza wanapenda ndege, ila wakiifikiria Januari wanaishia kununua kitundu kidogo cha kuweka sebuleni, ndege anaruka huku anarudi kule maisha yake yote. Si lazima iwe hivo. Kuna finchi, wale ndege wadogo wanaokula mbegu, wanaoweza kukaa nje mwaka mzima hapa, hata huku kaskazini kwenye mvua na upepo, mradi banda lao limejengwa kwa kufikiria. Na kama utasoma kipande hiki tu ukaacha mengine basi shika hili: finchi mzima aliyeshiba na aliyezoea haumii sana na baridi yenyewe, anachokufa nacho ni upepo, unyevu na usiku mrefu.

Huo usiku mrefu ndo watu hawaufikirii kabisa. Zebra finchi ana uzito wa kama gramu 12 hivi, mwili mdogo namna hiyo unapoteza joto haraka sana kwa hiyo lazima ale mchana kutwa ili apate cha kumvusha mpaka asubuhi. Kwetu karibu na ikweta giza ni la masaa 12 tu mwaka mzima, hata mtu wa Makete au Limuru anayeamka akakuta kibaridi kikali bado ndege wake wamelala masaa 12 wakaamka wakala. Sasa njoo London mwezi Desemba, mchana haufiki hata masaa 8, Glasgow ni kama masaa 7, yaani ndege anakaa gizani masaa 16 au 17 bila kula chochote. Ndo maana mtu akiniuliza anunue nini kwanza, hita au taa, namwambia taa. Taa ya kawaida ya LED ndani ya chumba chao cha kulala, na taima. Iwake saa 1 asubuhi izime saa 1 usiku, hapo tayari umempa masaa 12 ya kula kama aliyeko nyumbani. Tafuta taima au dima inayofifisha mwanga taratibu kama nusu saa kabla ya kuzima, manake taa ikikatika ghafla ndege aliyekuwa sakafuni anakula hataona njia ya kurudi kwenye kijiti, atalala chini kwenye zege, na hiyo ndo baridi mbaya. Acha pia kataa kadogo hafifu usiku kucha, paka akiruka juu ya paa au fataki za mwezi wa 11 zikianza ndege wanashtuka wanajigonga gizani mpaka wanavunjika shingo.

Ndege wa kuanza nao. Zebra finchi ndo mgumu kuliko wote, kwao ni maeneo makavu ya ndani ya Australia ambako mchana ni moto na usiku unakuwa baridi kweli. Bengalizi ni wapole, wametokana na ufugaji wa Japani na huko porini hawapo kabisa, nao wanastahimili vizuri. Java sparo pia, yule mwenye mdomo mnene wa pinki na shavu jeupe aliyewahi kuletwa visiwani Unguja na Pemba. Hawa watatu ukiwapa chumba kikavu kisichoshuka chini ya digrii 5 wanapita winta vizuri. Gouldi wale wa rangi nyingi ni habari nyingine, hao ni wa kaskazini ya Australia kwenye joto, mi siwashauri bila chumba cha digrii 12 kwenda juu. Na mishigi wetu, pamoja na wale wadogo wa buluu ambao dume lina doa jekundu shavuni, kodon-blu, ambao Tanzania na Kenya wanaingia mpaka uani kuokota mbegu, hao najua ukiwaona dukani moyo utakwenda kwa sababu ni ndege wa nyumbani, lakini ni wa joto, kwao nje ni kuanzia Juni mpaka Septemba mapema alafu wanaingia ndani. Na hakikisha wamezaliwa kwenye mabanda huku huku, Ulaya ilizuia kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 na 2007 ikawa marufuku ya kudumu, Tanzania nayo ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Muulize muuzaji, na angalia kama ana pete isiyo na mwanya mguuni, hiyo haivaliki ukubwani, anavalishwa akiwa kinda.

Sasa banda lenyewe. Lina sehemu mbili, uwanja wa kurukia wenye waya na chumba cha kulala kilichofungwa, na chumba siyo cha ziada, ndo banda lenyewe, uwanja ni nyongeza. Kwa jozi 6 hivi uwanja wa urefu wa mita 3, upana mita 1 na nusu, kimo mita 2 unatosha, na chumba cha mita 1 na nusu kwa 1 na nusu. Urefu una maana kuliko kimo kwa sababu finchi wanaruka kwenda mbele, hawaruki kwenda juu kama helikopta. Elekeza mbele kusini au kusini mashariki, jua la winta huku linapita chini chini upande wa kusini na unalihitaji lote, alafu mgongo wa banda uelekee kaskazini, na upande wa mashariki uzibe kwa mbao kadiri unavyoweza kwa sababu huko ndiko unatoka ule upepo unaokata masikio. Kama umepanga nyumba muulize mwenye nyumba kabla hujachimba, na ukijenga karibu na ukuta wa jirani, ndani ya mita 2, kimo kisipite mita 2 na nusu usije ukatakiwa kuomba kibali cha ujenzi.

Waya. Watu wanachukua ule wa matundu ya milimita 12 kwa 12 wakidhani panya haingii, panya mdogo anaingia, chukua wa 12 kwa 6. Panya wadogo wanakojolea chakula na usiku wanawakimbiza ndege kwenye vijiti, na wakishaingia kuwatoa ni kazi. Waya mpya wa zinki usugue kwa brashi na siki, suuza, uache unyeshewe wiki kadhaa kabla ya kuweka ndege, lile vumbi jeupe la zinki ni sumu. Upande wa juu na pande ambazo paka anaweza kufika weka waya mara mbili zenye nafasi ya sentimita 5 kati yake, kwa sababu kipanga wa huku anajirusha kwenye waya kabisa na ndege anayelala ameushika waya anaweza kung'olewa mguu. Chini mwaga zege lenye mteremko kidogo maji yatoke, na kama huwezi zege basi zamisha waya ardhini kama sentimita 45 au ulaze kwenda nje, mbweha na panya buku wanachimba. Sakafu ya udongo mtupu inapendeza miezi ya kwanza, baadaye inalowa, inashika kinyesi na minyoo, sipendi. Mlango weka miwili yenye kinafasi katikati, ufunge wa kwanza ndo ufungue wa pili, finchi akitoka nje hapa Januari hatoboi.

Paa la uwanja funika walau nusu, mi napendelea lote, kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Inazuia mvua na inazuia pia kinyesi cha ndege wa porini, na hilo la pili siku hizi si dogo kwa sababu ya mafua ya ndege. Ukifuga nje Uingereza hata kama ni jozi moja unatakiwa kujisajili serikalini, Scotland ilianza Septemba 2024, England na Wales Oktoba 2024, na likitoka agizo la kufungia ndege wenye paa tayari hawahangaiki sana. Msamaha ni kwa wanaofuga ndani ya nyumba tu ndege asiyetoka nje kabisa.

Chumba cha kulala kina siri moja ambayo mafundi wa mabanda ya kununua wanaikosea, finchi analala kwenye kijiti cha juu kuliko vyote. Kama kijiti cha juu kiko nje uwanjani basi ndege watalala nje kwenye baridi na chumba chako chenye hita kitakuwa kitupu. Kwa hiyo vijiti vya chumbani viwe juu kuliko vya nje, paa la chumba lipande. Alafu weka dirisha kubwa, finchi haingii mahali penye giza hata umwekee nini. Chakula kiwekwe ndani tu, nje usiweke kitu, hivo anajifunza kuwa ndani ndo kwao. Ile wiki ya kwanza waingize kila jioni taratibu kwa mkono ulionyooshwa, ufunge kidirisha wanachopitia kati ya uwanja na chumba, baadaye wataingia wenyewe.

Kuta ziwe mbili, mbao nje, plaiwudi ndani, katikati jaza zile bodi za kuzuia baridi wanazoweka kwenye dari za nyumba, na usiache tundu lolote la panya kuingia kulala humo. Lakini tafadhali usizibe kila kitu. Ndege wanapumua, wanaoga, na ukiziba kuta zinatoka jasho, unapata kuvu, na ukungu wa kuvu unaingia kwenye mapafu na vifuko vyao vya hewa, ugonjwa huo kuutibu ni mgumu mno. Acha matundu ya hewa juu karibu na paa, yenye waya, pande mbili, juu ya vichwa vya ndege ili hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga. Chumba kikavu cha digrii 5 ni bora kuliko chenye jasho cha digrii 12, mi hapo sibadilishi. Kipimo cha joto na unyevu kinauzwa bei ndogo, kiweke usawa wa vijiti siyo mlangoni.

Hita nzuri ni ile ya bomba refu jembamba wanayotumia kwenye grinihausi, yenye themostati na kava la waya ndege asiikalie. Usiweke kabisa hita ya mafuta ya taa wala jiko la makaa hata kwa usiku mmoja, ile hewa inaua ndege kabla wewe hujasikia harufu. Na taa au hita zilizopakwa ile rangi ya kuzuia kushika kama ya kikaango pia hapana, ikipata moto inatoa moshi usioonekana na ndege wote wanaanguka kwa pamoja. Umeme mwite fundi mwenye leseni avute laini ya nje yenye kikata umeme, waya upite ndani ya bomba gumu.

Kuwatoa nje ni mwisho wa Mei au Juni, baridi ya usiku ikishaisha. Wanakaa nje msimu wote wa joto, siku zinapofupika wanajijengea manyoya na mafuta taratibu, ikifika Novemba wako tayari. Ndege uliyemnunua Oktoba kutoka chumba cha mtu chenye joto usimtupe nje, kaa naye ndani mpaka Mei.

Kuanzia Oktoba funga pande za uwanja kwa vioo vya plastiki, juu acha mwanya wa kiganja, utavitoa Aprili. Na toa viota vyote. Hili watu wanalibishia kwa sababu wanaona vikapu vinawapa joto usiku, na ni kweli vinawapa, ila zebra finchi akiona kikapu anataga, na jike akitaga kwenye baridi yai linaweza kukwama tumboni. Utamkuta sakafuni asubuhi amejivimbisha, anakaza mkia, mara nyingi saa chache tu ndo zimebaki. Viota virudi mwisho wa Machi au Aprili, na mayai ya kuchemsha na mbegu zilizoota wape wakati huo tu kwa sababu navyo vinawaamsha kuzaa.

Chakula cha winta ni mchanganyiko wa uwele na mbegu za kanari, usipungue hata siku moja, na mchana wa saa 8 au 9 waongezee mashuke ya uwele ili walale wameshiba. Mfupa wa dome na changarawe laini ziwepo muda wote. Maji badilisha asubuhi na mchana, yakiganda vunja weka ya vuguvugu, usitie kitu chochote cha kuzuia kuganda. Beseni la kuogea siku ya barafu toa, lirudishe siku ya jua na asubuhi tu wakauke kabla ya jioni.

Jioni kabla taa haijafifia simama dakika chache uwahesabu kwenye vijiti. Aliyejivimbisha na macho kufumba wakati wenzake wanakula huyo anaumwa, mtoe saa hiyo hiyo usisubiri asubuhi. Muweke kwenye kitundu kidogo ndani ya nyumba, upande mmoja uwe na joto la digrii 28 mpaka 30 ili akizidiwa na joto asogee, maji na mbegu karibu na miguu yake, na piga simu kwa daktari anayejua ndege, siyo kila daktari wa mbwa anawajua. Akipona kati ya Novemba na Aprili asirudi nje, abaki ndani na mwenzake mmoja wa kumliwaza mpaka Mei.