Ukifuatilia mababu wa Ireland, tafuta kitongoji kwanza

Ukitafuta ukoo wako Ireland, usikimbilie sensa za karne ya 19. Nyingi ziliteketea Juni 1922 jengo la kumbukumbu lilipoungua Dublin, na nyingine serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Za zamani zaidi zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911, zinasomwa bure mtandaoni.

Kwa miaka ya nyuma zaidi, lipate kwanza jina la kitongoji, maana akina Murphy na Kelly wamejaa kila kona. Litafute kule mababu zako walikohamia: cheti cha ndoa cha kanisa, tangazo la kifo gazetini, jiwe la kaburi. Ndipo ufungue orodha ya Griffith ya wakaaji wa ardhi (1847–1864), kisha vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland. Humo usiishie kwa wazazi. Nakili na wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingi walikuwa shangazi, wajomba au majirani, na ndio watakaokutofautishia Patrick Kelly wako na wenzake wa parokia hiyo hiyo. Na O' (kama ya O'Kelly) ikikosekana mbele ya jina la ukoo, usimwache mtu huyo. Makarani waliiandika au kuiacha walivyoona.