Kuwasha, kuchoma, kuchochea: namna ya kuchagua neno la moto kwa Kiingereza

Kwa Kiswahili, kuwasha na kuchoma vinabeba karibu kazi zote za moto. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa vitenzi zaidi ya kumi, na ukikosea kimoja unaweza kusema jambo ambalo hukulikusudia: kwamba moto ulitiwa makusudi, kwamba kitu kimeteketea, kwamba kuna mtu wa kushtakiwa. Kabla ya kuandika, jiulize nani aliuanzisha moto, na ukizimika kitu kinabaki au kimekwisha.

Kuwasha

Mshumaa, jiko, sigara na kibatari vyote vinachukua "light". Wakati uliopita ni "lit": "She lit the stove." Umbo "lighted" nalo lipo, na linakaa vizuri zaidi mbele ya nomino, kama "a lighted candle". Kwa njiti ya kiberiti unaweza kutumia "light" au "strike". Hili la pili linaonyesha kile kitendo cha kuikwaruza. Ukikoka moto wa kuni, sema "make a fire" au "light a fire". "Build a fire" inafaa pale unapozipanga kuni kabla ya kuziwasha.

Mpaka wa "light" uko hapo. Taa ya umeme ni "turn on" au "switch on", na gari ni "start". Sentensi "He lit the car" itamfanya msomaji adhani gari limetiwa moto. Pilipili inayowasha ni "hot", ngozi inayowasha ni "itchy".

"Ignite" ni neno la maabara, gereji na ripoti za zimamoto. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta unawashwa na cheche ya plagi, na kitendo hicho ndicho "ignite". Ndiyo sababu swichi ya ufunguo wa gari inaitwa "ignition". Ukimwambia mwenzako jikoni "please ignite the stove" ataelewa, ila utasikika kama kijitabu cha maelekezo ya jiko. "Kindle" ni kuuanzisha moto kidogo kidogo kwa vijiti mpaka ushike, na vijiti hivyo huitwa "kindling". Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi hiki ni nadra kwa moto halisi. Kimehamia kwenye hisia, tutakifikia.

Kuchoma

Hapa ndipo wengi wanapoumbuka. "We burned the meat" maana yake nyama imeungua na mnaomba radhi. Nyama choma juu ya makaa ni "grilled meat", au "roast meat" kama wasemavyo wengi Kenya na Tanzania. Mahindi ya kuchoma ni "roast maize". Matofali na vyungu vinachukua "fire": "The bricks are fired in a kiln." Takataka za nyumbani ni "burn", lakini za hospitali zinazoteketezwa kwenye tanuri maalumu ni "incinerate". Mwili wa marehemu, kwa jamii zinazochoma maiti kama Wahindu, ni "cremate"; kuandika "burn" hapo ni kukosa adabu. Kuchoma sindano ni "give an injection".

Mkaa una mtego wake. Mchoma mkaa anaitwa "charcoal burner", ni neno la zamani na ni sahihi. Lakini ukiandika "they burn charcoal", msomaji ataelewa kwamba wanautumia kupikia. Kama wanautengeneza, andika "they make charcoal".

Aliyeungua kwa maji ya moto au mvuke amepata "scald". Aliyeungua kwa moto, pasi au sufuria amepata "burn". Nguo iliyobabuka kwa pasi ni "scorched", nywele zilizoungua ncha ni "singed", gogo lililogeuka jeusi kwa nje ni "charred".

Mpangilio wa maneno

Kuna miundo miwili ya kutia moto, na kosa la kawaida ni kuichanganya. Wa kwanza: "They set fire to the house." Wa pili: "They set the house on fire." Katika wa kwanza kitu kinachochomwa kinakuja mwisho, baada ya "to", katika wa pili kinakaa katikati. "Set fire on the house" si Kiingereza. Kitenzi "set" hakibadiliki kwa wakati uliopita, kwa hiyo hakuna "setted". Mahali pa "on fire" unaweza kuweka "alight" au "ablaze", lakini maneno haya mawili hayatangulii nomino: nyumba inayowaka ni "a burning house", kamwe si "an ablaze house". Na "on fire" haitaki "the".

Kama hakuna aliyeutia, tumia "catch fire": "The kitchen caught fire." Ni ile tofauti yetu ya imeshika moto na imetiwa moto. Usiseme "was caught by fire". Vivyo hivyo, "the house burned down" ni imeungua ikaisha, na "the house was burned down" ni imechomwa ikaisha. "Burned" na "burnt" zote ni sahihi; Waingereza wanaitumia "burnt" zaidi, na kama kivumishi hata Wamarekani husema "burnt toast".

Habari na mahakama

Mwandishi wa habari apime neno kwa makini zaidi ya wote. "Torch" ni kuchoma kwa makusudi, na hisia ya fujo imo ndani yake: "Rioters torched two buses." Usiitumie kabla chanzo hakijajulikana, andika "caught fire" au "was destroyed by fire". "Gutted by fire" ni jengo lililoungua ndani huku kuta zimesimama, kwa hiyo halifai kwa kibanda cha makuti kilichobaki majivu. Kosa la kuchoma mali ni "arson". Ni nomino tu: mtu "commits arson", wala hakuna "he arsoned the shop". Kanuni za Adhabu za Kenya, kifungu cha 332, na za Tanzania, kifungu cha 319, zinalitaja kwa maneno "wilfully and unlawfully sets fire to". Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, kwa hiyo kumwita mtu "arsonist" kabla ya hukumu ni kujitafutia kesi.

Moto wa maneno

Kiswahili kinasema kuchochea kwa aliyeanzisha na kwa aliyezidisha. Kiingereza kinawatenganisha. Walioanzisha: "spark", "ignite", "kindle". Waliozidisha: "stoke", "fan", "fuel".

"Spark" ni tukio dogo lililozua jambo kubwa, nayo haitaki kihusishi: "The arrest sparked protests." "Ignite" ina nguvu zaidi na inafaa kwa shauku au mjadala. "Kindle" ni ya upole, ya matumaini, hamu ya kusoma, mapenzi. Kuandika "kindle a riot" kunachekesha. "Stoke" kwa asili ni kuongeza kuni au makaa tanurini, na kwa mafumbo huandamana na hofu na chuki: "stoke fears". "Fuel" haina upande, inachukua uvumi na hata ukuaji wa uchumi. "Inflame" inahitaji hasira iliyokuwepo tayari: "His remarks inflamed tensions." Kuwachochea watu watende uhalifu ni "incite", neno la kisheria ambalo wala halina moto katika asili yake.

Mshambuliaji anayefunga kila mechi ni "on fire", na hiyo ni sifa. Sherehe iliyochangamka ni "lit", lakini misimu huchakaa haraka, usiitie kwenye barua ya kazi. Mfanyakazi aliyekuwa "fired" amefukuzwa. Aliyekuwa "fired up" amepandwa na ari. Kuwa makini na hilo "up".

"Inflammable"

Neno hili limewahadaa hata Waingereza wenyewe, kwa sababu "in-" yake inafanana na ile ya kukanusha. Sivyo: "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja, kinachoshika moto kwa urahisi. Wanaojua Kifaransa, huko Kongo na Burundi, hawashangai, maana "inflammable" yao ni hiyo hiyo. Kwenye kibao, pipa au lori la mafuta andika "FLAMMABLE", isiyo na utata. Kisichoshika moto ni "non-flammable". "Inflammatory" ni jambo jingine: ni la maneno ya uchochezi au la uvimbe wa mwili. Gesi ya kupikia haiwezi kuwa "inflammatory".