Tundu la USB likizubaa baada ya umeme kukatika

Hapa Goma umeme ukikatika na kurudi kwa ghafla, matundu ya USB ya kompyuta ya nyumbani yanaweza kuzubaa: flashi haionekani, au diski ya nje inaonekana kisha inapotea. Kabla ya kwenda kwa fundi, zima kompyuta kabisa, chomoa waya wake ukutani (kuizima kwa kitufe chake tu hakutoshi), ondoa vyote vilivyo kwenye USB, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30. Rudisha waya, washa. Sababu ni hii: hata kompyuta ikiwa imezimwa, umeme kidogo unaendelea kuingia kwenye ubao mama (ubao mkuu wa ndani ya kompyuta), na chipu inayosimamia USB inaweza kubaki imekwama vilevile kila ukiwasha. Ukibana kile kitufe unamaliza chaji iliyobaki, chipu inaanza upya. Kama ni laptopu ambayo betri yake inatoka, toa betri kwanza.

Njia hii haitasaidia kama shida ni mwendo wa polepole tu. Hapo angalia umechomeka wapi: USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, 3.0 inafika gigabiti 5, na mara nyingi tundu lake lina rangi ya bluu ndani. Diski ikilia tik-tik, ihamishie tundu la nyuma kwa kebo fupi, maana huenda haipati umeme wa kutosha. Ikiendelea kulia, nakili mafaili yako haraka. Na vumbi letu jeusi la volkano linapenda matundu ya mbele. Lipulize kwa pampu kompyuta ikiwa imezimwa, usichokonoe kwa sindano.