Tairi jipya linapogoma kukaa kwenye rimu ya Vespa

Kazi yangu kubwa hapa Chang'ombe ni bajaji, lakini Vespa za wazee nazo zinafika, nyingi zimekaa stoo miaka mingi na matairi yamepasuka kwa ukavu wa Dodoma. Mwenyewe anatafuta tairi jipya, anajaribu kulivalisha nyumbani, halafu ananiletea tyubu iliyochanika. Ukiiangalia, karibu kila mara imebanwa kati ya nusu mbili za rimu. Tairi lilikuwa gumu, mtu akatumia nguvu, na nguvu yote ikaishia kwenye tyubu.

Sasa, rimu ya Vespa inafunguka vipande viwili, sawa na ya bajaji. Huna haja ya vyuma vya kubandulia wala nyundo. Wazee wangu, shikamooni, lakini nyundo iacheni ndani.

Kabla ya spana yoyote, toa upepo. Wote. Fungua sindano ya valvu, kile kichuma chembamba cha ndani kinachozuia upepo, uiweke pembeni. Gurudumu la Vespa ya modeli ya PX lina nati za kazi mbili, na zote spana yake ni namba 13: zipo zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki, na zipo zinazounganisha nusu za rimu. Ukilegeza hizi za pili tairi likiwa na upepo, nusu zinaachana kwa kishindo na chuma kinaruka usoni. Kijana anayejifunza kwangu hagusi nati mpaka anionyeshe ile sindano kiganjani.

Ukubwa usome ubavuni. PX inavaa 3.50-10, yaani upana kisha kipenyo cha rimu, vyote kwa inchi. Vespa nyingi za zamani zenye magurudumu madogo zinavaa 3.50-8. Usishawishike kuchukua tairi la bajaji la 4.00-8 eti kwa sababu inchi nane ni zile zile. Ni pana zaidi na linaweza kugusa bodi. Hapo hapo ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likikaa rafu miaka linakauka, na hata likiitwa jipya litakusumbua kuvaa na litateleza barabarani.

Rimu ikishafunguka, isugue kwa brashi ya waya kisha msasa, hasa pale nusu mbili zinapokutana na pale mdomo wa tairi unapokalia. Angalia nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Ukiona ufa, rimu hiyo imekwisha, usiichomelee. Ukipaka rangi, iache ikauke kabisa, maana rangi mbichi inagandisha mpira kwenye chuma.

Sasa ugumu wenyewe. Matairi yanakaa dukani yamepangwa moja juu ya jingine, kwa hiyo midomo yake miwili inakuwa imesogeleana. Ukilivalisha hivyo, tyubu haina nafasi humo ndani, inachungulia nje, na rimu inaibana. Kata vijiti vya mbao, vitegeshe ndani ya tairi kuitanua ile midomo, uache vilale humo usiku mzima. Asubuhi litoe juani na vijiti vyake. Juni na Julai, asubuhi Dodoma ina baridi na mpira unakakamaa, kwa hiyo subiri mpaka saa sita mchana. Likishika joto utaliminya kwa mikono na litakubali.

Tyubu iwe mpya. Ile ya zamani ina viraka vya miiba ya mbigiri, na imeshavutika. Ijaze upepo kidogo tu, isimame mviringo bila kutanuka. Mwagia poda ya mtoto ndani ya tairi, pakaza na tyubu, kisha iingize. Chukua nusu ya rimu yenye tundu la valvu, pitisha valvu, hakikisha haikai upande. Mdomo wa tairi upake povu zito la sabuni ya mche. Oili na grisi usiguse, vinakula mpira. Hapa pia kagua mshale wa kuzunguka ubavuni, uelekee gurudumu linakokwenda.

Weka nusu ya pili, panga matundu. Zitabaki zimeachana, na hapa ndipo watu wanapokosea kwa kuzivuta kwa nati. Mimi natumia klampu mbili za seremala, moja huku, nyingine mkabala wake, na kitambaa chini ya meno yake. Kaza robo, simama, chungulia mwanya mzima kuzunguka. Tyubu ikionekana, irudishe kwa mpini wa kijiko, kamwe si kwa bisibisi. Kaza tena robo. Nusu zikikutana ndipo nati zinaingia, na unazikaza kwa kurukaruka, si kwa kufuatana. Chuma kiguse chuma. Ukipeleka karatasi ya daftari kwenye maungio na ikapita, fungua uangalie kilichobanwa.

Jaza hadi paundi 20 hivi, kisha toa wote tena. Watu wanaona ni kupoteza muda, lakini tyubu inakuwa imejikunja mahali, na kule kutoa ndiko kunaikunjua. Jaza mara ya pili. Ubavuni karibu na rimu kuna mstari mwembamba uliochongwa kwenye mpira. Uwe umbali uleule kutoka kwenye chuma kuzunguka kote. Pakizama mahali, toa upepo, pakaza povu pale, jaza upya. Usipite kipimo cha juu kilichoandikwa kwenye tairi kwa kutaka litokee kwa lazima.

Kwa PX upepo wa mbele ni paundi 18, nyuma 26 ukiwa peke yako, na 36 ukibeba abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, maana ukishatoka Chang'ombe hadi Ihumwa kwenye lami ya mchana geji inasoma juu. Tairi jipya lina utelezi, kwa hiyo kona za kwanza zikate polepole. Ukirudi nyumbani, acha gurudumu lipoe, kisha pitisha spana kwenye nati zinazoshika gurudumu kwenye ngoma.