Somo: Kupima mtawanyiko nyumbufu wa protoni, hatua kwa hatua

Kwa wanakundi wa fizikia wa Arusha na Moshi. Mtawanyiko nyumbufu ni protoni mbili kugongana na kupinda bila kuvunjika. Mfano ni jaribio la TOTEM kwenye LHC, mtambo wa CERN unaogonganisha protoni, kila protoni ikiwa na nishati ya GeV 3,500 (GeV ni elektronivolti bilioni moja; jumla TeV 7).

Hatua ya 1: andaa mwali. Protoni zinazogongana bila kuvunjika hupinda kidogo mno. Maikroradiani 100 ni sawa na kuacha mstari kwa mita 8 tu katika safari ya kilomita 80, kama Arusha hadi Moshi. Mwali wenyewe ukitawanyika kiasi hicho, umekwisha. Ndiyo maana sumaku hupangwa upya: β*, kipimo kinachoonyesha jinsi mwali ulivyobanwa kwenye mgongano (kikiwa kikubwa, mwali ni mpana lakini hutawanyika kidogo), hupandishwa kutoka mita 1.5 hadi 90, na mtawanyiko wa mwali hushuka karibu mara 8 (hufuata 1/√β*).

Hatua ya 2: sogeza vitambuzi. Vinakaa ndani ya vyungu vya Kirumi (Roman pots, vyombo vinavyosogea kuelekea mwali), mita 220 kutoka sehemu ya mgongano, na husogezwa hadi takriban σ 10 za mwali (hapa σ ni kipimo cha upana wake) au karibu zaidi. Ukuta mwembamba hutenganisha silikoni na ombwe la bomba.

Hatua ya 3: geuza milimita kuwa pembe. Hapa ndipo kazi huharibika. Kwa β* ya mita 90, urefu mfaafu wima (namba inayozidishwa na pembe kupata umbali kwenye kitambuzi) ni kama mita 260, hivyo maikroradiani 100 hutoa milimita 26. Chungu kikikosewa maikromita 100, pembe hukosea maikroradiani 0.38, na |t| (mraba wa momenta ambayo protoni imebadilishana na mwenzake) karibu asilimia 0.8. Linganisha jozi mbili za vyungu vya mshazari, juu-kushoto na chini-kulia dhidi ya kinyume chake: kosa la kusogea huvuta |t| ya jozi moja juu na ya nyingine chini.

Hatua ya 4: |t| ≈ (pθ)², p ikiwa momenta ya protoni na θ pembe. Kwa maikroradiani 100, 0.35² = 0.12 GeV².

Hatua ya 5: chora logi asilia ya dσ/dt dhidi ya |t|, kati ya 0.02 na 0.2 GeV². Hapa σ ni eneo la mgongano, kipimo cha uwezekano wa protoni kugongana, kwa milibani; dσ/dt ni jinsi linavyogawanyika kwa t. Mteremko ni karibu 19.9 GeV⁻², na kwenye t = 0 unapata kama milibani 506 kwa GeV². Eneo la jumla la mgongano, kwa ρ = 0.14 (uwiano wa sehemu halisi na sehemu ya kufikirika ya amplitudo kwenye t = 0): √(19.57 × 506 ÷ 1.02) ≈ milibani 98.5, ambapo 19.57 ni 16π(ħc)² na 1.02 ni 1+ρ².

MASWALI

Mwanachama, Njiro: Mwalimu, nimepata mteremko 22. Nimekosea wapi?
Jibu: Umefika mbali mno, ndugu. Kuelekea bonde la karibu 0.53 GeV² mchoro unazidi kuwa mkali. Ishia 0.2.

Mwanachama, Moshi: Protoni iliyovunja mwenzake haitaingia kwenye hesabu?
Jibu: Dai protoni mbili, kila upande moja, zenye pembe sawa na mwelekeo kinyume. Zisizotimiza hilo zitupe. Masalia ya mwali huondolewa na kichujio hichohicho.

Mwanachama, Sakina: Kama haujui luminositi, yaani kipimo cha wingi wa migongano ambayo mwali unaweza kutoa?
Jibu: Inakatika. Kwa N kama idadi ya matukio, σ = 16π(ħc)²/(1+ρ²) × (dN/dt kwenye t = 0) ÷ (N nyumbufu + N zisizo nyumbufu). Lakini matukio yasiyo nyumbufu yenye masi ndogo hupenya bila kuonwa, maana chembe zake hukimbilia ndani ya bomba. Lazima uyaongezee kwa makadirio.